MAONYESHO YA MITAMBO YA UJENZI NA FAIDA YAKE KWA WATU WA MALINDI NA KILIFI

Katika nchi nyingi za dunia iko desturi ya wenye viwanda kukusanya bidhaa zao mahali pamoja kwa siku chache, ili watu wapate kuzitazama, kuulizia bei zake na kuagiza wazitakazo. Watu wa pwani ya Kenya waijua desturi hii tangu zamani kwa sababu ya maonyesho ya ukulima ya Mombasa, ambako ng'ombe, nazi, mahindi na zana za shamba hupangwa uwanjani, na kila aliyelipa kiingilio huingia akajionea kwa macho yake.

Lakini yako maonyesho ya namna nyingine, yasiyohusu ng'ombe wala nazi. Hayo ni maonyesho ya mitambo ya ujenzi. Humo huwekwa matingatinga ya kusukuma udongo, magreda ya kusawazisha barabara, winchi za kuinua mizigo, mashine za kuchanganya zege, za kukata na kuvunja mawe, za kufyatua matofali, na za kushindilia ardhi. Makala hii yaeleza maonyesho hayo ni kitu gani, mtu huona nini humo, na yampasa kujitayarisha vipi kabla ya kwenda.

Jambo hili lawahusu watu wengi wa Malindi, Kilifi, Mtwapa na vijiji vilivyo kati yake. Wako wakatao mawe katika matimbo, wako waashi, wako wenye malori ya mchanga na kokoto, na wako makontrakta wadogo wanaotafuta kazi za shule, zahanati na barabara. Vikundi vingi vya watu wa namna hii hutamani kuacha kazi ya mikono mitupu na kununua mashine. Mashine iliyochaguliwa vizuri huwapa watu riziki kwa miaka mingi. Iliyochaguliwa vibaya hukaa chini ya mwembe ikiota kutu, huku deni likiendelea kukua, na shamba lililowekwa rehani benki likiwa katika hatari ya kupigwa mnada.

UJENZI WA PWANI NI KAZI YA ZAMANI

Kazi ya ujenzi si ngeni katika sehemu hizi. Magofu ya Gede, yaliyo karibu na Watamu, yaonyesha kwamba mamia ya miaka iliyopita watu wa hapa walijenga misikiti, majumba na makaburi kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Bwana James Kirkman alipoanza kuyafukua magofu hayo mwaka 1948, alikuta kuta, visima na vyoo vilivyojengwa kwa ustadi mkubwa. Mafundi wale hawakuwa na mtambo wowote wa moto. Walitumia shoka, tezo, kamba na nguvu za watu, na chokaa yao waliipata kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la kuni.

Baadaye mambo yalibadilika. Kampuni ya saruji ya Bamburi iliundwa mwaka 1951, na kiwanda chake kilichoko kaskazini ya mji wa Mombasa kikaanza kutoa saruji mwaka 1954. Tangu hapo mwashi wa pwani hakuwa na haja ya kungoja chokaa iive. Daraja la Nyali lililopo leo lilifunguliwa mwaka 1980, na daraja la Kilifi mwaka 1991. Kabla ya mwaka huo, msafiri wa kwenda Malindi alilazimika kungoja feri ili kuvuka hori la Kilifi. Katika miaka ya 2020 ilianza kazi ya kupanua barabara itokayo Mombasa kupitia Mtwapa hadi Kilifi, ikiwa ni sehemu ya mpango wa kuiunganisha Malindi na Bagamoyo ya Tanzania, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Kazi kama hizo hazifanyiki kwa jembe na karai. Hutaka mitambo mikubwa. Na mara nyingi mtu wa kijijini, ijapokuwa barabara yapita mbele ya mlango wake, hupata kibarua cha siku chache tu, kwa kuwa hana mashine wala hajui kuiendesha. Ndiyo sababu yafaa ajue mashine hizo huonyeshwa wapi na huuzwa vipi.

MAONYESHO YALIVYOANZA NA UKUBWA WAKE

Maonyesho makubwa kupita yote ya mitambo ya ujenzi hufanyika katika mji wa Munich, nchi ya Ujerumani. Jina lake ni Bauma, nalo limetokana na maneno mawili ya Kijerumani, yaani ujenzi na mashine. Yalifanyika kwanza mwaka 1954, wakati Wajerumani walipokuwa wakijenga upya miji yao iliyobomolewa katika Vita Kuu ya Pili. Siku hizo yalikuwa maonyesho madogo. Leo hufanyika kila baada ya miaka mitatu, katika uwanja wa Riem, mahali palipokuwa zamani uwanja wa ndege wa mji huo.

Katika mwezi wa Aprili mwaka 2025 maonyesho hayo yalidumu kwa muda wa siku saba. Kampuni zilizoonyesha bidhaa zilikuwa kama 3,600, kutoka nchi 57, na watu waliokwenda kutazama walikuwa kama 600,000. Uwanja wote ulikuwa na mita za mraba 614,000, yaani kadiri ya ekari 150. Mtu akitaka kupima ukubwa huo, na afikiri shamba la minazi la ekari 150, na chini ya kila mnazi pawe na mashine, na kando ya kila mashine pawe na mtu wa kuieleza.

Nchi ya Marekani nayo ina maonyesho yake yaitwayo CONEXPO, katika mji wa Las Vegas, ambayo pia hufanyika kila baada ya miaka mitatu. Yale ya Machi 2023 yalihudhuriwa na watu 139,000 na zaidi. China ina yake katika mji wa Shanghai, na mashine nyingi zinazoonekana katika matimbo na barabara za Afrika Mashariki leo hutoka huko.

Lakini si lazima mtu wa Kilifi avuke bahari. Nairobi yenyewe imekuwa na maonyesho ya ujenzi katika miaka ya karibuni, kama yale yaitwayo Big 5 Construct Kenya na Buildexpo. Ni madogo yakilinganishwa na ya Munich, lakini yana faida moja kubwa: wengi wa wanaosimama humo ni mawakala wanaouza vitu katika Kenya yenyewe, ambao mnunuzi aweza kuwafuata tena baada ya maonyesho kwisha. Kwa fundi ambaye hajawahi kuona maonyesho ya namna hii, hapo ndipo mahali pazuri pa kuanzia.

MTU HUONA NINI HUMO

Maonyesho makubwa huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni kumbi zilizoezekwa, na ya pili ni uwanja wa wazi. Katika uwanja wa wazi husimamishwa mitambo mikubwa: winchi ndefu kupita minara, malori ya kubeba mawe, na mashine za kuchimba zenye mkono mrefu wa chuma. Baadhi yake hufanyishwa kazi mbele ya watu. Dereva hodari huchota udongo, huumwaga, huuchota tena, na watazamaji hupiga makofi.

Kumbini ndimo vilimo vitu vidogo, navyo ndivyo watu wengi huvipita bila kuvitazama. Humo huuzwa mipira ya kupitishia mafuta, machujio, minyororo, meno ya chuma, misumeno ya mawe, matairi na mafuta ya kulainishia. Fundi mwenye busara hutumia muda mrefu sehemu hiyo, kwa sababu mashine kubwa husimama kwa ajili ya kitu kidogo. Timbo zima laweza kulala siku kumi kwa kukosa mpira mmoja uliopasuka.

Yampasa mtu pia ajue anazungumza na nani. Wako wenye kiwanda, ambao hutengeneza mashine. Wako mawakala, walioruhusiwa na kiwanda kuuza na kutengeneza mashine zake katika nchi fulani. Na wako wachuuzi tu, ambao hununua huku na kuuza kule, na baada ya kuuza hawana habari na mnunuzi tena. Wote watatu huvaa nguo safi na kusema maneno mazuri. Swali moja huwatenga: "Karakana yenu ya Kenya iko wapi, na nani yumo ndani yake?" Mwenye jibu atalitoa bila kusita.

SIKU YA MAONYESHO NA SIKU YA KAZI

Jambo kubwa la kukumbuka ni hili. Mashine iliyo katika maonyesho iko katika siku yake njema kuliko zote. Ni mpya, imeoshwa, imetiwa mafuta safi, na anayeiendesha ni mtu aliyefundishwa na kiwanda chenyewe. Huchota mchanga uliotayarishwa kwa ajili yake. Mashine hiyo haijakutana na upepo wa chumvi wa Malindi, wala vumbi jeupe la matimbo ya Kilifi, wala njia ya mashimo iendayo Ganze wakati wa masika.

Muuzaji huijua mashine yake. Lakini kazi itakayofanywa na mashine hiyo huijua mnunuzi peke yake. Kwa hiyo yule aendaye kwenye maonyesho bila kuijua vizuri kazi yake mwenyewe hurudi na mashine ya kazi ya mtu mwingine. Mathalan, msumeno uliotengenezwa kwa ajili ya jiwe gumu la bara hauwi lazima ndio ufaao kwa jiwe la matumbawe, na mashine nzito ifaayo kwa barabara kuu yaweza kushindwa hata kufika katika timbo lililo mwisho wa njia ya kijiji.

Haya ndiyo maswali yafaayo kuulizwa, na majibu yake yaandikwe papo hapo:

Kwanza, vipuri. Ni sehemu gani za mashine zinazokwisha upesi, kila moja bei yake ni kiasi gani, na zapatikana Mombasa au hazina budi kuagizwa ng'ambo?

Pili, fundi. Ikiharibika, nani ataitengeneza, na atafika Kilifi baada ya siku ngapi? Gharama ya safari yake italipwa na nani?

Tatu, mafuta. Mashine hunywa lita ngapi za dizeli kwa saa inapofanya kazi ngumu, si inapokaa ikinguruma bure? Katika maonyesho ya siku hizi zimo pia mashine nyingi ziendeshwazo kwa umeme wa betri. Hizo hazitoi moshi wala kelele nyingi, lakini mnunuzi na ajiulize kwanza kama timbo lake lina umeme wa kuzitia nguvu.

Nne, chumvi. Chuma chake kimekingwa vipi na kutu? Nyaya na viungo vya umeme vimefunikwa namna gani? Hewa ya bahari hula chuma upesi kuliko hewa ya bara, na hili wauzaji wa nchi za baridi huwa hawalifikiri mpaka waulizwe.

Tano, vumbi. Je, mashine ina njia ya kunyunyizia maji wakati wa kukata jiwe? Yahitaji maji kiasi gani kwa siku? Na chujio la hewa husafishwa baada ya saa ngapi?

Sita, uzito. Mashine ina tani ngapi, na ni lori gani litakaloibeba? Njia ya kwenda timboni na kalvati zilizo njiani zaweza kuuhimili uzito huo?

Saba, dhamana. Kiwanda kimeahidi kutengeneza bure kwa muda gani, na ahadi hiyo yafanya kazi katika Kenya au katika nchi ya kiwanda tu?

Kuuliza si ujinga. Muuzaji mwaminifu hupenda mtu aulizaye, kwa kuwa mteja aliyenunua chombo kisichomfaa hulalamika kila siku, na jina la kampuni huharibika.

HESABU YA MASHINE

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kwenda kwenye maonyesho, yampasa mtu au kikundi kipige hesabu nyumbani, kwa utulivu, mbali na makofi na ngurumo za mitambo.

Na uchukuliwe mfano. Kikundi cha wakata mawe chataka kununua mashine ya kukatia mawe kwa shilingi 1,200,000, pamoja na usafiri na ushuru. Wanatumaini itadumu miaka mitano. Wakiwa na kazi ya siku 240 kwa mwaka, mashine itafanya kazi siku 1,200, na kila siku ya kazi itakuwa imebeba shilingi 1,000 za bei ya kununulia. Lakini wakiwa na kazi ya siku 60 tu kwa mwaka, mashine itafanya kazi siku 300, na kila siku itabeba shilingi 4,000. Mashine ni ile ile na bei ni ile ile, lakini kwa kikundi cha pili imekuwa ghali mara nne.

Tena, ikiwa mashine kama hiyo hukodishwa kwa shilingi 2,500 kwa siku bila mafuta, kikundi chenye kazi ya siku 60 kitalipa shilingi 150,000 kwa mwaka, yaani shilingi 750,000 kwa miaka mitano. Hapo kukodi ni bora kuliko kununua. Kikundi chenye kazi ya siku 240 kitalipa shilingi 600,000 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000,000 kwa miaka mitano. Hapo kununua ni bora. Mahali ambapo mambo hayo mawili hulingana ni siku 96 za kazi kwa mwaka. Na hesabu hii bado haijatia riba ya benki, vipuri na matengenezo, ambayo mwenye kukodi kwa kawaida halipi. Vikitiwa hivyo, siku zinazohitajika huzidi.

Tarakimu hizi ni za mfano tu. Kila kikundi na kiweke tarakimu zake chenyewe. Lakini swali ni lile lile kwa wote: kazi iko ya siku ngapi? Mtu asiyeweza kulijibu swali hilo kwa kuangalia daftari la mwaka uliopita hajawa tayari kununua mashine, hata kama benki iko tayari kumkopesha.

NANI AENDE, NA ACHUKUE NINI

Kikundi kikiamua kupeleka watu kwenye maonyesho, yafaa kipeleke wawili: mmoja anayeifanya kazi kwa mikono yake, na mmoja anayeweka hesabu. Mara nyingi hupelekwa mwenyekiti peke yake kwa heshima ya cheo chake. Yeye aweza kuwa mtu mwema sana, lakini kama hajashika msumeno wa mawe hatajua la kuuliza, na kama hashiki daftari hatajua kikundi chaweza kulipa nini. Fundi akienda peke yake hupendezwa na nguvu ya mashine. Mweka hesabu akienda peke yake hupendezwa na bei nafuu. Wakienda pamoja, kila mmoja humzuia mwenzake.

Wachukue vipimo vya kazi yao: urefu, upana na kimo cha jiwe wanalokata, idadi ya mawe wanayouza kwa wiki, na umbali wa timbo kutoka barabara ya lami. Kama maonyesho ni ya Nairobi, wachukue na kipande cha jiwe la timbo lao. Fundi wa kampuni akikishika mkononi ataeleza msumeno ufaao upesi kuliko kwa maneno mia. Wavae viatu vya kutembea, kwani maonyesho ya ekari nyingi huchosha, na mtu aliyechoka hukubali lolote ili apate kukaa kitini.

Kwa anayetaka kwenda ng'ambo, hati ya kusafiria na viza huchukua muda. Yapasa kuanza miezi mingi kabla, na kuyafanya mambo hayo katika ofisi zenyewe zinazohusika. Mtu yeyote auzaye mitaani barua za mwaliko au ahadi za viza ni wa kuepukwa.

KUTOA FEDHA

Katika maonyesho wauzaji hutangaza bei ya siku hizo tu, wakisema kwamba kesho bei itapanda. Huenda ni kweli. Hata hivyo wajumbe waliotumwa na kikundi wasilipe chochote siku hiyo. Wachukue bei kwa maandishi, zenye tarehe na muhuri, waende nazo nyumbani. Haraka haraka haina baraka, na kampuni ya kweli haitafungwa kwa sababu wateja wawili kutoka Kilifi wamekwenda kushauriana na wenzao.

Bei iliyoandikwa yapasa ieleze mahali inapokomea. Bei ya mashine ikiwa bado mlangoni pa kiwanda si sawa na bei ya mashine ikiwa imefikishwa bandari ya Mombasa, na hiyo nayo si sawa na bei ya mashine ikiwa imeshushwa timboni. Kati ya moja na nyingine zimo nauli ya meli, bima, ushuru, ada za bandari na kodi ya lori. Watu wengi wamekwama hapo: walikuwa na fedha za kununua, lakini hawakuwa na fedha za kuitoa mashine bandarini, na kila siku iliyopita gharama za kuiweka huko zikaongezeka.

Vitu vingi vinavyoagizwa kutoka ng'ambo hutakiwa kukaguliwa katika nchi vitokako kabla ya kupakiwa melini, chini ya utaratibu wa Shirika la Viwango la Kenya. Muuzaji na aulizwe kama anaujua utaratibu huo na nani atakayelipia ukaguzi. Malipo makubwa ya ng'ambo ni heri yapitie benki, kwa hati ambayo humlipa muuzaji baada ya kuonyesha karatasi za kuthibitisha kwamba mzigo umepakiwa.

SHERIA NA USALAMA

Kununua mashine si mwisho wa safari. Katika Kenya makontrakta huandikishwa na Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, nao hugawanywa katika madaraja manane kwa kadiri ya uwezo wao. Waendeshaji wa mitambo hupata vyeti vya ufundi kwa kutahiniwa na mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda. Kijana wa Malindi mwenye cheti cha kuendesha greda au winchi aweza kuajiriwa hata kama hana mtambo wake mwenyewe, na kwa wengi hiyo ndiyo njia ya kwanza na yenye gharama ndogo ya kuingia katika kazi hii.

Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 yataka mashine za kuinua mizigo zikaguliwe kila baada ya muda na watu walioidhinishwa. Vumbi la mawe hudhuru mapafu, na kelele za msumeno huharibu masikio pole pole, bila mtu kujua mpaka asikie kwa shida. Kwa hiyo katika maonyesho wajumbe wasitazame mitambo peke yake. Watazame na vifuniko vya pua, vya masikio na vya macho, ambavyo bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na matibabu.

Tena, mashine huchimba upesi kuliko mikono. Timbo lililochukua miaka 20 kuchimbwa kwa sululu laweza kuchimbwa kwa muda mfupi na mtambo, na shimo likabaki. Masika yakija, shimo hilo hujaa maji, na watoto hucheza kando yake. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 yataka madhara ya uchimbaji yapimwe kabla ya kazi kuanza. Kwamba jambo hili lawezekana, ushahidi uko karibu: huko Bamburi, tangu mwaka 1971, Bwana René Haller aliongoza kazi ya kupanda mivinje na miti mingine katika matimbo yaliyoachwa na kiwanda cha saruji, na mahali palipokuwa jangwa la mawe meupe pakawa msitu wenye wanyama na mabwawa ya samaki, ambao watu hulipa kiingilio kuutembelea.

BAADA YA KURUDI

Wajumbe wakirudi, kazi yao haijakwisha. Yawapasa waite mkutano, wasome majibu waliyoyaandika, swali kwa swali, na kila mwanachama apate nafasi ya kuuliza. Bei ziwekwe kando ya hesabu ya siku za kazi. Pengine mkutano utaamua kununua. Pengine utaamua kukodi kwa mwaka mmoja kwanza, na kuweka daftari la kila siku ili mwaka ujao waijue kazi yao vizuri zaidi. Pengine utaamua kununua misumeno mipya tu na vifuniko vya pua, na kumpeleka kijana mmoja akajifunze kuendesha greda.

Uamuzi wowote kati ya hayo waweza kuwa mwema, na wala si aibu kwa wajumbe kurudi bila mashine. Nauli na kiingilio walivyotumia havikupotea ikiwa wamerudi na majibu ya kuaminika. Kilicho kibaya ni kurudi na deni lililotiwa sahihi uwanjani kwa sababu ya makofi, kisha kuanza kutafuta kazi ya kulilipa. Kikundi kiijue kazi yake kwanza, kisha kiitafutie mashine. Kikifanya hivyo, hati za mashamba yao zitabaki masandukuni mwao.